S'kubali ya Bi Mwanapili

Bi Mwanapili binti Nyange aliolewa bila ya kuwa na habari. Habari yenyewe aliipatia ukutani kwa skuli ya Fundo, mkono mmoja ameshika simu, mkono wa pili kikapu cha mwani mbichi kinachomchuruzikia maji ya chumvi miguuni.

Pembe hiyo ya ukuta, ya kusini, watu wa Fundo walipaita Posta. Kisiwa kizima mtandao ulikuwa haushikiki ila hapo, na hapo penyewe mpaka usimame wima umeelekea Wete, kama mtu anayeelekea kibla. Ukigeuza shingo, imekatika. Tangu wiki iliyopita mnara wa ng'ambo ulikuwa umekufa. Wengine walisema betri, wengine walisema radi, na simu zote za kisiwani zikawa vioo vya kujitazamia meno. Asubuhi ile mnara ukafufuka. Bi Mwanapili alikuwa anatoka pwani na shoga yake Kijakazi, simu ikamtetemeka kifuani alikoifutika, akasimama akaitoa.

Ujumbe uliingia mkia mbele, wa mwisho kutumwa ukatangulia kufika. Wa kwanza aliousoma ulitoka kwa binamu yake wa Kiuyu: "Hongera bi harusi, Mungu awape masikilizano." Akadhani binamu amekosea namba. Wa pili ulitoka kwa wifi yake, mke wa ndugu yake Mbarouk, nao ni hongera. Wa tatu ulikuwa picha: sinia ya halua, vikombe vya kahawa, na wanaume wamekaa mkekani, kanzu zimenyooka kwa pasi, mmoja wao ndevu nyekundu kwa hina. Ndevu zile alizijua. Zilikuwa za Mzee Msellem, muuza vitambaa wa Wete.

Kijakazi, ambaye hajapata kuiona simu ya mtu asiichungulie, alikuwa ameshazisoma zote begani kwake.

"Shoga, umeolewa usitualike hata kula ubwabwa?"

"Nimeolewa na nani?"

"Mie ndo nnakuuliza weye."

Ukaingia wa Mbarouk. "Dada, Alhamdulillahi, nikaha imesomwa Ijumaa. Mzee Msellem atakuja na boti Jumatano kukuchukua. Jitayarishe." Na nyuma ya huo, wa mwisho kabisa kufika kwa kuwa ndio uliotumwa mwanzo, ukaja mfupi: "Simu imekatika, dada. Tumekusikia. Tumeshukuru."

Bi Mwanapili aliutazama zaidi ule mfupi kuliko alivyoutazama ule mrefu. Tumekusikia. Yeye alizungumza na mtu mmoja, ndugu yake tumbo moja. Hao wengine waliomsikia ni akina nani? Na wamesikia nini? Kikapu alikitua chini, taratibu sana, na Kijakazi akaacha mzaha. Alimjua tangu ujana. Bi Mwanapili akipiga kelele hana neno. Akianza kufanya mambo taratibu, mwenye akili huondoka njiani.

Hakuwa mwanamke wa kuchukuliwa na boti. Mumewe Bakar alipokufa kwa homa alimwachia nyumba ya mawe ya vyumba viwili, na watoto ambao wote sasa wana majumba yao. Alimaliza eda, akaingia majini. Kamba zake za mwani alizifunga mwenyewe, vigingi alivikata mwenyewe, jua likamla uso naye akaliacha lile. Nyumba aliipaka chokaa kila Ramadhani ilipokaribia. Ufunguo wa mlango aliufunga kwenye pindo la kanga, na hapakuwa na mwanadamu aliyekuwa na wa pili.

Mbarouk ndiye aliyeona kuwa pana tatizo. Alikuwa karani Wete, mezani kwake kompyuta, na tangu kuipata hiyo kompyuta aliona dunia yote inaendeshwa kwa kidole. Tanzia aliipeleka kwa mtandao, pole kwa mtandao, hata mwaliko wa hitima ya mama yao mzazi aliupeleka kwa mtandao, wazee wa Kiuyu wasio na simu wakaikosa hitima, na wengine wao hawajamwamkia mpaka leo. Siku ya Idi alikuja Fundo, akakaa jikoni kwa dada yake akala mkate wa kumimina, kisha akatoa alilokuja nalo. Mzee Msellem, rafiki yake na jirani yake, anatafuta mke wa tatu, mtu mzima, mtulivu. Mjane peke yake, alisema Mbarouk huku akilamba vidole, ni nyumba isiyo kitasa.

"Kitasa ninacho," alimjibu, "na ufunguo wake huu hapa. Simtaki. Kamwambie hivyo hivyo, usilitie sukari."

Mbarouk alicheka, akanawa mikono, akaondoka. Bi Mwanapili akahisabu kuwa neno limekwisha.

Baadaye, Alhamisi moja, kabla mnara haujafa, simu ililia akiwa Posta. Sauti ya Mbarouk ilikuja imemeguka vipande, kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi na mtungi wenyewe unagongwagongwa. Alisikia "dada." Alisikia "Msellem." Alisikia "jibu lako." Hayo yalimtosha. Alijinyoosha akaelekea Wete, akapaza sauti mpaka watoto wa skuli wakageuka madirishani, akalisema neno lake mara mbili, na simu ikakatika. Akarudi kwake na amani yake. Alijua amejibu.

Sasa Kijakazi alimshauri apige simu, amuulize ndugu yake kulikoni.

"Nipige simu? Simu ndiyo iliyoniozesha."

Mwani aliuacha pale pale ukutani uoze kama unataka kuoza. Alikwenda nyumbani, akavaa buibui, akafunga mlango, na boti ya abiria ya mchana ikamkuta ameshasimama majini mpaka magotini, kama kwamba ni yeye atakayeisukuma. Nahodha, aliyekuwa ameshapata habari kama kisiwa kizima kilivyoipata, alimwita bi harusi. Alimwita mara moja tu.

Njiani bahari hakuiona. Alimwona mama yake, Bi Mwanawema, miaka ile ya dhiki baada ya Mapinduzi, Kiuyu, foleni ya mchele na foleni ya sukari. Baba yao, Nyange, alivuka kwenda Mombasa Mbarouk akiwa bado tumboni. Barua siku hizo hazikuaminika. Zilifika zimefunguliwa, au hazikufika, au zilifika kwa jirani mwenye kinyongo. Maneno ya Nyange yalikuja kwa midomo ya wapitaji, na mdomo nao una mwenyewe. Kwa hivyo kabla ya kuagana mume na mke waliwekeana alama. Kila aliyebisha hodi akasema ametumwa na Nyange, Bi Mwanawema alimkaribisha, akampa maji, akamuuliza kama mtu anayepiga soga: yule ng'ombe wetu aliyetumbukia kisimani, alikuwa rangi gani vile?

Nyumba ile haijapata kuwa na ng'ombe. Aliyetumwa kweli alikuwa ameshafundishwa, akajibu kuwa ng'ombe hapakuwa. Siku moja akaja mwanamme nadhifu, kofia yake ya viua imekaa upande, akasema Nyange ameridhia mikarafuu ya bondeni akabidhiwe yeye aitunze. Akaulizwa ng'ombe. Akajikuna kidevu, akasema, mweusi. Bi Mwanawema alimtoa nje kwa mchi. Mwanapili, msichana wa darasa la tatu, alikuwa mlangoni amembeba Mbarouk kiunoni, akacheka mpaka mtoto akaanza kulia.

Hata mjumbe wa kweli hakuachwa aende hivi hivi. Alilisema neno, Bi Mwanawema akamrudishia lote kama alivyolisikia, na mjumbe akiitikia ndipo likawa neno. Neno lisilorudi halijafika, alikuwa akisema, mwanamke yule asiyejua hata alifu. Na huyu mwanawe, aliyesomeshwa mpaka akapewa kiti kinachozunguka, alishindwa kusema maneno mawili tu: sema tena.

Alipofika Wete watu walikuwa wanatoka kusali alasiri. Hakupita mlango wa uani wanakopita wanawake. Alikuja moja kwa moja barazani, na pale barazani aliwakuta wote, kama picha ile aliyotumiwa ila bila ya halua: Mbarouk, Mzee Msellem na ndevu zake, na Shehe Silima aliyeisoma nikaha. Hasira haikumfanya akose adabu. Alianza kwa mkubwa.

"Shikamoo, Shehe."

"Marahaba, bi harusi. Umetuwahi, mwenzio alikuwa anakuja Jumatano."

Mbarouk alikwisha simama. Alimtaka dada yake aingie ndani, apumzike, anywe maji, mambo yatazungumzwa huko kwa faragha.

"Nilizungumza na weye faragha, Mbarouk, ukanianika barazani. Leo nimekuja barazani kwa miguu yangu." Akamgeukia Shehe. "Niambie mlichokisikia. Kama mlivyokisikia, usiongeze."

Shehe Silima akakitua kikombe. Alieleza kwa upole kuwa Alhamisi ile simu iliwekwa hapo mkekani ikafunguliwa spika, ili mashahidi wasikie wenyewe. Walisikia upepo, wakasikia mkwaruzo, kisha kwa sauti yake wazi wakasikia "kubali", na tena "kubali." Simu ikakatika. Wakangoja apige tena kama ana la kubadilisha. Hakupiga. Ijumaa wakasoma nikaha.

Hapo ndipo alipofahamu, na kufahamu kukamwongezea ghadhabu. Mtu wa bara akiridhia husema nimekubali, akikataa husema sikubali, na hata kiziwi atazitofautisha. Mtu wa kwao Kiuyu akiridhia husema n'kubali, akikataa husema s'kubali. Baina ya ndiyo yake na hapana yake pana pumzi ndogo ya puani na mluzi mdogo wa meno, basi. Na hivyo vidogo viwili ndivyo mtandao unavyovila kwanza. Walibaki na kiwiliwili cha neno, na kila mmoja pale mkekani akakivisha kichwa alichokitaka.

"Nilisema s'kubali," alisema. "Mara mbili. Na leo naisema ya tatu, na hapa hapana upepo."

Mbarouk akaanza kusema kama anavyosema ofisini, maneno yamepangwa mstari. Kwamba neno lililofika ni kubali. Kwamba dada alikuwa na siku zote hizo za kukanusha, naye hakutuma hata herufi moja. Kwamba sheria inajulikana, kimya ni ridhaa.

"Kimya cha nani? Mnara umekufa, mie ndo niliyenyamaza? Kisiwa kizima kilinyamaza, basi mngetuoza sote, na mbuzi."

Mzee Msellem alikohoa ndani ya kikombe.

"Na hicho kimya unachokitaja," aliendelea, sauti ikishuka badala ya kupanda, "ni cha mwanamwali. Mwanamwali huulizwa akainamisha kichwa, wakasema ameridhia. Mie nimezaa, nimezika mume, nimekaa eda. Mjane haozwi mpaka aseme kwa ulimi wake. Au hiyo kompyuta yako haina kitabu cha fikihi?"

Shehe Silima alimgeukia Mbarouk. Alisema yeye aliuliza swali hilo hilo kabla ya kusoma. Aliuliza kama neno lile lililokatika linatosha kwa mjane, na Mbarouk akamhakikishia kuwa dada yake alishaulizwa uso kwa uso, siku ya Idi, akaridhia, na simu ile ni kukamilisha tu.

"Siku ya Idi," alisema Bi Mwanapili. "Jikoni kwangu. Nilikwambia nini?"

Mbarouk alikuwa ameishika simu yake, anaigeuza mgongo na tumbo, kama mtu anayetafuta jibu limeandikwa wapi. Alisema alidhani ile ya jikoni ilikuwa haya ya kike. Alisema alimtakia kheri. Mwisho alisema, dada, mtandao ndio uliokosea.

"Mtandao hauozi mtu, Mbarouk. Aliyeoza ni weye."

Neno hilo lilikaa pale barazani na maana zake mbili. Mpita njia mmoja alipunguza mwendo.

Aliyeinuka kwanza ni Mzee Msellem. Alivaa viatu vyake, akatengeneza kofia, akasema kuwa yeye hakuposa simu, aliambiwa yuko mtu anayetaka. Alimwambia Bi Mwanapili amsamehe, na alipompita Mbarouk hakumpa mkono. Bi Mwanapili, pamoja na hasira zake, alimwona kuwa mtu, na hilo nalo likamuudhi, kwa sababu mtu huyo Mbarouk amemfedhehesha bure.

Shehe alisema nikaha ile haikusimama tangu mwanzo, na kwamba yeye mwenyewe ana sehemu yake, kwa kulipokea neno lililokuja halina kichwa. Ataliweka wazi msikitini. Bi Mwanapili hakumwambia haidhuru. Ilikuwa inadhuru. Picha ya nikaha ilikuwa imezunguka Kiuyu, Makangale, Chake, mpaka Mombasa kwa jamaa za baba yake, hongera juu ya hongera, na hakuna atakayetuma habari ya kuzifuta kwa mbio zile zile. Kesho wapo watakaosema ameachika kabla ya kufikishwa.

Walipobaki wawili Mbarouk aliuliza kama atakula. Hakumjibu la kula.

"Yule ng'ombe wetu aliyetumbukia kisimani," alimuuliza, "alikuwa rangi gani vile?"

Mbarouk alikunja uso. Alitaka kumridhisha, ndiyo iliyokuwa tabu. Alijikuna kidevu.

"Mweusi, nadhani."

Bi Mwanapili alimtazama, huyu aliyembeba kiunoni siku ile mchi ulipotoka jikoni, akaona kuwa angekuwa na mchi leo angempiga nao. Aligeuka akaondoka bila ya kuaga, akalala kwa mtu baki, akarudi Fundo kwa boti ya mapema.

Mwani wake aliukuta Posta umeanikwa vizuri, Kijakazi kaugeuza. Habari ilikuwa imeshamtangulia, na wanawake waliokuwa wakingoja zamu ya kusimama ukutani walimpisha. Tangu hapo hakutoa jibu la jambo kubwa kwa simu. Aliyempigia aliambiwa arudie maneno yake, kisha Bi Mwanapili akayarudia yeye, taratibu, na mwenye haraka alikata mwenyewe. Wanawe walilalamika kuwa anamaliza salio lao. Aliwaambia salio linanunuliwa dukani. Namba ya Mbarouk haikupokelewa. Ilipiga ikachoka, mwezi wa Ramadhani ukapita, Idi ikapita, na mkate wa kumimina ukaliwa na majirani.

Mbarouk alikwenda Kiuyu. Kwa miguu yake alikwenda, si kwa kidole, kwa wazee wale wale waliokosa hitima, na lazima alikaa nao sana mpaka wakamweleza kisa cha mchi. Maana siku moja baada ya Idi simu ililia Posta, wanawake wamejaa na vikapu vyao, na safari hii Bi Mwanapili akaipokea. Hakusema alo.

"Yule ng'ombe wetu aliyetumbukia kisimani, alikuwa rangi gani vile?"

Ikawa kimya upande wa pili, na yeye alikingoja kimya hicho bila ya kukipa maana yoyote.

"Hatujapata kuwa na ng'ombe, dada," alisema Mbarouk. "N'samehe."

Bi Mwanapili aliitoa simu sikioni. Akaitazama. Kisha akabonyeza spika, akaiweka juu ya ukuta, baina ya vikapu, na Kijakazi akawaashiria wenziwe wanyamaze.

"Sijakusikia," alisema. "Sema tena."

"N'samehe, dada."

"Inakatika. Tena."

Akasema tena, kwa sauti ya juu, na watoto wa skuli wakageuka madirishani. Mtandao siku ile ulikuwa safi, hauna hata mkwaruzo, na Bi Mwanapili alikuwa amemsikia tangu mara ya kwanza.

"Tena," alisema.